Risiti Niliyoidai Mwenyewe

Kanzu haimfichi mtu kwa aliyeipiga pasi. Niletee kanzu nyeupe ya jana nitakuambia mwenyewe alikula nini, aliegemea ukuta upi, na kama anavuta sigara kwa siri. Nilijifunza hayo kwa kusimama, miaka, katika chumba cha dobi mtaa wa Najma, mvuke usoni kuanzia alfajiri mpaka Isha. Shule niliishia darasa la tatu. Sisemi hivyo ili nionewe huruma, huruma sijawahi kuila. Nasema kwa sababu yote ninayoyaandika hapa yalitokea kwa vile nilikuwa naficha lile darasa la tatu kama mtu anayeficha kidonda mguuni huku anatembea kwa madaha.

Nilifika Doha mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, kuja kupiga pasi kwa mshahara wa watu. Kabla haijapita miaka kumi nilikuwa na dobi yangu, kwa leseni iliyoandikwa jina la kafili, mwenyeji anayemdhamini mgeni, kama ilivyo desturi ya kule. Ikafuata ya pili Al Mansoura, na ya tatu Al Wukair watu walipoanza kuhamia huko. Hakuna aliyenishika mkono. Nilikuwa na kanuni moja tu, nayo nilifundishwa na joho. Mteja mmoja alikuja akadai ameniletea joho lake la harusi, lile jeusi la uzi wa dhahabu, na kwamba nimelipoteza. Sikuwahi kuliona. Lakini sikuwa na karatasi, na yeye alikuwa na sauti. Nililipa joho ambalo mkono wangu haujaligusa. Tangu siku hiyo, kwangu nguo haiingii bila tiketi na riyali haitoki bila risiti. Vijana wa kazi walinitania, "Mzee akifa atamwomba mchimba kaburi risiti." Nikawaambia ndiyo, tena yenye muhuri.

Sasa nieleze nilivyopata chuo. Juu ya dobi ya Al Mansoura palikuwa na vyumba viwili nilivyokodi pamoja na duka, navyo vilikuwa vimejaa mabox ya sabuni. Alikuwepo mteja wangu mmoja, mama wa Kikenya, muuguzi, aliyeleta sare zake kila wiki. Siku moja akanikuta nagombana na mwenye jengo, akangoja nimalize.

"Mzee, hizo rooms zako za juu ziko idle, si unipee Ijumaa pekee?"

"Za nini?"

"Kuna wasichana wa kazi za nyumbani, wengi watu wenu wa Tanzania. Wanalea watoto wa watu na wazee wa watu bila kufunzwa kitu. Nataka niwafunze. Mimi sitaki pesa."

Nilimpa. Kafili akashughulikia kibali cha mafunzo, maana binti zake wawili walilelewa na dada wa kutoka kwetu na alikuwa anamkumbuka. Ijumaa zikaanza kujaa. Wanawake kumi na tisa, wa kutoka majumba ya watu, ile siku yao moja ya mapumziko badala ya kulala wanapanda ngazi zangu na madaftari. Mvuke wa pasi ulikuwa unapenya kwenye sakafu, mwalimu anafundisha huku anajifuta jasho. Nilikuwa nasimama chini nasikiliza sauti zao zikirudia kwa pamoja namna ya kumgeuza mgonjwa kitandani asipate vidonda. Siwezi kueleza nilivyojisikia. Mimi, darasa la tatu, nina chuo juu ya kichwa changu, kinatembea.

Ndipo tamaa ikaniingia. Nikamwambia mwalimu, hawa wakimaliza wapate nini? Cheti bila muhuri ni karatasi ya kufungia maandazi. Akanieleza kwamba vyuo vidogo hujishikiza kwa chuo kikuu: chuo kikuu kinakuja kukagua, kikiridhika kinakupokea chini ya mwavuli wake, na cheti kinatoka na muhuri wake. Kuna ada ya kuomba kupokelewa. Kulikuwa na chuo kikuu kimoja cha nyumbani, jina lake sitaliandika, kilichokuwa kinapokea vyuo vya Watanzania walio nje. Tukaandika barua. Yaani mwalimu aliandika, mimi nikasaini.

Bahasha ilikuja nene. Fomu, na kijitabu cha mwongozo, vyote kwa Kiingereza. Mwalimu alikuwa anawahi zamu. Akakifungua kijitabu kidogo pale kwenye kaunta, akakifunga, akanisukumia.

"Mzee, kabla hujalipa mtu yeyote kitu chochote, soma page ya nne. Ni muhimu. Utasoma?"

"Nitasoma."

Kesho yake akaniuliza. "Ulisoma?"

"Mwalimu, nimefungua biashara tatu kwenye nchi ya watu, nawe unaniuliza kama nimesoma?"

Akacheka, akaomba radhi. Kijitabu kilikuwa kwenye droo, chini ya tiketi za mashuka ya hoteli. Niliufungua ukurasa wa nne usiku ule peke yangu. Nilitambua tarakimu. Maneno yaliyozizunguka hizo tarakimu yalikuwa kama njia ya siafu. Kiarabu cha dukani nakisema, Kihindi cha kununulia vipuri nakisema, Kiswahili nakisoma polepole kwa kidole. Kiingereza hapana. Mimi na mwalimu tulipokaa hotelini mara mbili tatu kupanga mambo ya chuo, akipewa orodha ya vyakula mimi nasema, "Niletee kama chake." Miaka hiyo yote sikuwahi kuchagua chakula changu mwenyewe, na hakuna aliyegundua. Nilikuwa najiona mjanja.

Mwisho wa fomu palikuwa na mstari wa kusaini. Mwalimu alinisomea huo tu, kwa haraka, "Hapa unasema umesoma mwongozo na umeuelewa." Nikasaini kwa kalamu ya wino, saini yangu ile ndefu.

Ada ya kwanza tulilipa benki kama ilivyoandikwa kwenye fomu. Risiti ikaja. Halafu akaja mkaguzi.

Alikuwa daktari wa vitabu, si wa sindano. Suti ya kijivu katika lile joto, mfuko wa ngozi kwapani. Nilimpokea kama mgeni aliyekuja kuoa kwangu. Nilimchinjia, nikampeleka kulala hoteli ninayoifulia mashuka, nikamfulia suti mwenyewe kwa mkono wangu. Alipanda juu, akakaa dakika chache tu, akahesabu viti. Hakuwauliza wanawake swali hata moja. Mwalimu alikuwa amewaandaa wiki nzima, mmoja wao alikuwa ameshika mwanasesere wa kuonyesha namna ya kumwogesha mtoto mchanga, akabaki amemshika hivyo hivyo mpaka mgeni anashuka ngazi.

Tukakaa chini, ofisini kwangu, kwenye kelele za mashine. Nikammiminia kahawa.

"Mzee, umefanya kazi kubwa," akasema. "Tatizo ni foleni. Kuna vyuo vinasubiri mwaka wa pili sasa."

"Mwaka wa pili? Wanafunzi wangu mikataba yao inaisha."

"Ndiyo hivyo. Wenzako wengine huongeza kidogo, faili linatembea."

"Kidogo ndiyo kiasi gani?"

"Kama ile uliyolipa mwanzo. Mara moja tu."

Hapa lazima nieleze jambo, maana mtu wa nje hataelewa. Kwetu, mtu akikufanyia jambo ukamlipa bei kamili bila nyongeza, umemwambia asirudi tena. Na sisi tulioitwa wakubwa kule Ghuba ndiyo kabisa. Harusi ya mtu, msiba wa mtu, mgeni wa serikali, tunatazamwa mkono wetu. Kulipa kiwango peke yake ni aibu ya mtu mdogo. Kwa hiyo sikuona ubaya. Niliona nimepewa nafasi ya kuonyesha ukubwa wangu. Nikafungua kasha.

"Utaniandikia risiti," nikasema.

Akacheka. "Mzee, hii haina risiti. Hii ni heshima."

"Kwangu hata heshima ina risiti."

"Mzee wangu..."

"Daktari, nimekula hasara ya joho mimi. Bila karatasi hutoki na kitu humu."

Mashine iliyokuwa inazunguka ikasimama, ndani pakawa kimya ghafla, nikasikia pumzi yake. Alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa siku ile. Nimeielewa baadaye: alikuwa anapima kama mimi ni mjanja sana au mjinga sana. Kisha akatoa kwenye mfuko wa ngozi kitabu cha risiti cha chuo kikuu, akaandika, akagonga muhuri. Kalamu yake ilikuwa nzito. Nilipoinua macho mwalimu alikuwa amesimama mlangoni na sare zake mkononi. Ameona yote. Akaziweka sare kwenye kaunta bila kuchukua tiketi, akaondoka. Nikadhani ana haraka.

Kweli faili lilitembea. Tulipokelewa kabla ya Ramadhani. Hati ikaja, nikaitia kwenye fremu ya dhahabu, nikaitundika ukutani, na pembeni yake nikatundika risiti zote mbili. Wateja wakawa wanaziona. Mwalimu aliendelea kufundisha, lakini aliacha kunitania. Alipita mbele ya zile fremu kama mtu anayepita penye harufu.

Kati ya wale kumi na tisa alikuwepo mwanamke mmoja wa Tanga, wa kimo changu hivi, mpole wa sauti na mkali wa macho. Alikuwa ametumikia nyumba moja miaka sita. Siku vyeti vyenye muhuri vilipofika, alikishika chake kwa ncha za vidole, kama kinaunguza. Wiki chache baadaye akaja kuniaga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Vipi, mbona leo si Ijumaa?"

"Nimemaliza mkataba. Madamu kaniongezea mshahara nisaini tena mkataba, nimekataa. Kashanifutia ukaazi, tiketi ya ndege ninayo, ya mwisho wa mwezi. Nyumbani kuna kituo cha kulea watoto wagonjwa, wamenishikia nafasi. Wanachotaka ni cheti tu, nacho kipo, si ndiyo baba?"

"Kipo," nikasema. "Kina muhuri."

"Basi mimi nimevuka."

Nilimpa shuka jeupe la pamba, zawadi. Alipotoka nikagundua simu ya mkaguzi nimeipiga mara tatu wiki ile na haiiti. Nilikuwa nimempigia kuhusu kundi la pili. Kabla ya hapo alikuwa anapokea hata akiwa msikitini. Nikajiambia amebadilisha laini. Lakini nilianza kulala vibaya. Nikiona mtu wa posta anavuka barabara, mkono unakuwa mzito kwenye pasi.

Barua ilitoka kwa mamlaka ya elimu ya kule nyumbani Tanzania, si kwa chuo kikuu. Kiingereza tena. Niliiweka mfukoni siku mbili. Siku ya tatu mwalimu alikuja kuchukua sare, nikamwambia, "Nimesahau miwani, hebu nisomee."

"Miwani unayo kichwani, mzee."

"Nisomee tu."

Akasoma kimya kwanza. Kisha akanieleza. Sheria iliweka kikomo cha ada ambayo chuo kikuu kinaweza kumtoza anayeomba kujishikiza, maana vyuo vikubwa vilikuwa vinawakamua vidogo. Ile tuliyolipa mara ya kwanza ndiyo ilikuwa kikomo chenyewe, hakuna cha kuongeza. Mamlaka wamefungua mafaili ya chuo kikuu kile na wameikuta nakala ya risiti yangu ya pili. Wengine wote waliotoa, walitoa bila karatasi. Mimi ndiye niliyeacha alama.

"Vyeti vyote vimesimamishwa," akasema. "Wanakupa siku kumi na nne ujibu swali moja. Wakati unalipa hiyo ya pili, ulikuwa unajua kikomo?"

"Nikisema nilijua?"

"Hapo umenunua. Vyeti vinafutwa kabisa. Chuo kinapigwa faini, ukilipa unaweza kuomba tena mwaka ujao."

"Nikisema sikujua?"

"Wanafunzi watapewa mtihani upya, bure, chini ya chuo kingine. Wao hawana makosa. Lakini mkuu aliyesaini kwamba amesoma na hakusoma, haruhusiwi kuendesha chuo tena. Na lazima ueleze kwa nini hukusoma." Akaikunja barua. "Lakini wewe ulisoma. Uliniambia ulisoma, page ya nne. Nilikuona ukimpa huyo jamaa pesa, nikasema sawa, huyu mzee anajua na ameamua. Nimekuwa nikikuona mwizi, mzee. Samahani, lakini ndiyo ukweli."

Mwizi. Hajaniita hivyo mtu yeyote, hata yule wa joho aliishia kuniita mzembe. Nilitaka kumfukuza dukani. Neno lilifika mdomoni. Nikaona pia njia ilivyo rahisi: niandike nilijua, nilipe faini, chuo kibaki, fremu ibaki, na hakuna atakayejua nilichokificha tangu utotoni. Kumi na nane wako hapa bado, wana kazi, wataudhika kisha watasahau. Lakini yule mmoja wa Tanga hana tena nyumba ya kurudi wala ukaazi wa kumweka hapa, na kituo kinamngoja na karatasi yangu.

Nilivuta droo. Nikatoa kile kijitabu chini ya tiketi za mashuka, nikakiweka mbele yake.

"Nifundishe panasemaje hapa."

"Si usome?"

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Mwalimu, Kiingereza sijui kusoma. Sijawahi kujua. Darasa la tatu."

Nilingoja acheke, na kama angecheka nadhani chuo kingebaki na fremu ingebaki. Hakucheka. Akasema taratibu, "Kama chake."

"Nini?"

"Hotelini. Kila mara ulikuwa unasema uletewe kama changu. Mimi nilidhani unapenda ugali wa pale." Akakaa chini. "Mzee, si ungesema tu? Ningekusomea kwa dakika mbili."

"Ndiyo," nikasema. "Dakika mbili."

Jibu niliandika mwenyewe kwa Kiswahili. Alitaka kuniandikia, nikamkatalia. Niliharibu karatasi saba. Herufi zangu zilikuwa zile zile za darasa la tatu, kubwa, zimelala upande mmoja. Niliandika: Nililipa zaidi ya kikomo. Sikukijua kikomo. Kitabu nilikuwa nacho, sikukisoma kwa sababu Kiingereza sijui, na nilisaini kwamba nimesoma kwa sababu niliona haya. Wanafunzi hawakujua lolote. Mwalimu akasaini chini kama shahidi. Tukaituma.

Kumpigia yule wa Tanga ndiko kulikonishinda. Nilishika simu nikaiweka, nikaishika nikaiweka. Siku moja kabla hajaruka akapita mwenyewe kulipia kufuliwa kwa mapazia ya madamu wake, kazi yake ya mwisho. Nikamwambia pale pale kwenye kaunta, wateja wanasikia.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo hiki nilichonacho si kitu?"

"Kwa sasa si kitu. Utafanya mtihani tena."

"Lini?"

"Sijui."

"Na kituo kitanisubiri?"

Aliyakunja mapazia yale moja baada ya jingine, kwa kipimo, kama nilivyowahi kumwonyesha. "Baba," akasema, "mimi nilisoma kila ukurasa niliopewa." Akaondoka bila kuniaga. Adhana ya Laasiri ilikuwa inaanza.

Mamlaka walijibu baada ya miezi. Mwalimu alinisomea, safari hii sikutafuta kisingizio cha miwani. Wanafunzi wamekubaliwa kupimwa upya. Mimi nimezuiwa. Niliteremsha fremu mwenyewe, ukuta ukabaki na alama ya mraba mweupe kuliko rangi nyingine. Mwalimu alihamishia masomo yake kwenye ukumbi wa kanisa lao, Ijumaa zile zile, na baadhi ya wanawake wetu wa Kiislamu walimfuata huko huko. Vyumba vya juu nikaweka meza za pasi. Wafanyakazi wanasema Ijumaa joto la kule halivumiliki, sijui kwa nini Ijumaa.

Yule wa Tanga alinipigia mara moja, mwaka uliofuata, kwa namba ya kwao.

"Shikamoo baba. Nimefaulu."

"Marahaba. Alhamdulillahi. Na kituo?"

"Walingoja miezi miwili. Wakachukua mwingine." Nyuma yake nilisikia watu na mizigo. "Niko uwanja wa ndege. Narudi Ghuba, si kwenu, nchi nyingine. Kazi za ndani."

Niliiweka pasi pembeni.

"Cheti umekibeba?"

"Nimekilaza chini, katikati ya nguo. Ndani ya lile shuka lako."

"Usikikunje," nikamwambia.

Akasema hatakikunja. Kisha wakaita ndege yake, na simu ikakatika.